Mashine ya Samaki Haiingii Shimoni

Mdogo wangu Mwita,

Kabla hujasoma mstari wa pili, inuka umpe mama shikamoo yangu, umwulize goti lake linaendeleaje, halafu urudi ukae. Mimi ni mzima. Huku Kanada baridi imepungua, barafu ya ziwani imeyeyuka, na kazi yangu ya kufua shuka kwenye nyumba ya wazee ni ileile. Natumaini na wewe ni mzima, ingawa ukiwa mzima si kwa sababu ya akili yako.

Ndiyo, nimekasirika. Jumapili uliponipigia kuomba betri nilifurahi kweli. Nilisema moyoni, ona, mdogo wangu ameitumia mashine mpaka betri zimekwisha, basi mtumbwi unaingia ziwani kila siku. Nikakuuliza kama sangara wanapatikana. Ukanijibu bila hata aibu: "Dada, ziwani sijaenda muda. Mashine iko hapa Matongo, inatusaidia kwenye duara."

Kwenye duara! Shimo la dhahabu lililoachwa, limejaa maji ya mvua, nawe umetumbukiza humo mashine ya kutafutia samaki! Niliketi juu ya kikapu cha shuka chafu nikakuambia niliyokuambia, ukasema, "Dada, tulia kwanza, unanihoji kama polisi," ukakata simu. Ndiyo maana naandika. Simu unaikata, lakini barua utaisoma mpaka mwisho, na usipoisoma mama atamwomba mkeo Gati amsomee kwa sauti, majirani wasikie.

Unajua nilivyoihangaikia mashine hiyo? Wiki tatu, Mwita. Hapa watu wanavua samaki kwa kujifurahisha, wanampiga picha, wanambusu, halafu wanamrudisha majini. Mimi niliyekulia Matongo nilidhani wamerogwa. Lakini kwa sababu ya upuuzi huo maduka yamejaa vifaa vya uvuvi, nikajua hapa ndipo nitapata cha kumsaidia mdogo wangu. Kijana wa dukani alitaka kuniuzia kioo kikubwa kama televisheni ya mama, chenye ramani na rangi za kila aina, kinachofungwa kwenye boti na kunyonya betri ya gari. Nikamwuliza, betri ya gari nani ataibeba kwenye mtumbwi? Akaniletea kingine, kidogo kama yai, unakitupa majini kinatuma picha kwenye simu. Nikafikiria simu yako iliyopasuka kioo, na mikono yako iliyolowa. Nikakataa.

Mwisho nilimwuliza mzee mmoja ninayemfulia shuka. Alivua maisha yake yote, sasa hawezi hata kufunga kamba za viatu. Akaniambia nisitafute mashine inayojua mambo mengi, nitafute inayosema mambo mawili matatu kwa ukweli: kina cha maji, chini kukoje, na kama kuna kitu kinaelea katikati. Iwe na kioo chake yenyewe, ionekane juani, itumie betri ndogo zinazopatikana dukani kokote, na mtu aweze kuibonyeza akiwa amelowa. Nikaipata. Ilikuwa ikihesabu kwa futi, nikaigeuza isome mita. Siku yangu ya mapumziko nikaenda kuijaribu kwenye gati la ziwa la huku, mbu wa huku wakanila kama wana kisasi nami. Nikakaa pale mpaka nilipojua namna inavyofanya kazi, nikakuandikia maelezo kwa Kiswahili kwenye kipande cha boksi: kile kipande cheusi kining'inie ubavuni mwa mtumbwi, kiguse maji, kitazame chini. Mtumbwi, Mwita. Niliandika neno mtumbwi mara nne.

Nilipoona hupokei simu nikampigia mama. Maskini mama, yeye anajivuna! "Bhoke mwanangu, mashine yako ni kali. Watu wanatoka mpaka Kerende kuja kuitazama. Imeona mali chini ya maji." Nikamwuliza imeonaje. Akasema wewe na wenzako mmeishusha kwa waya, kioo kikaonyesha visamaki vitano, na mmoja wenu akapiga kelele, "Mura, hao si samaki! Humu samaki wametoka wapi? Hayo ni mawe yenye dhahabu!" Na ninyi nyote, watu wazima wenye wake, mkaamini. Mama anasema mmoja amekwisha kutaja ng'ombe atakaowatoa mahari.

Nilitaka kucheka nikashindwa. Sikiliza nikueleze, maana nilikaa na mbu wale ili nijue. Mashine haioni kitu chochote. Inatuma mlio majini, mlio unagonga kitu na kurudi, nayo inapima muda. Ikikuta chochote kinachoelea katikati inachora kisamaki, kwa sababu aliyeitengeneza hakuwaza kwamba kuna watu watakaoipeleka shimoni. Visamaki vyenu vitano ni magogo ya zamani yaliyoegemezwa kuzuia udongo, au mapovu ya tope. Hiyo ndiyo mali yenu.

Na kuna jambo baya zaidi. Mama aliniambia mashine imesema maji yana kina cha mita tisa, kwa hiyo mnangoja pampu tu, myatoe maji, mshuke. Mwita, ziwani mlio unashuka mpaka chini bila kizuizi. Duara ni jembamba. Mlio unagonga ukuta, unagonga gogo, unarudi kabla haujafika popote. Mashine iliyokuambia kuna samaki ndani ya duara ndiyo hiyohiyo iliyokuambia mita tisa. Kama la kwanza mmekubali ni uongo, mbona la pili mmelimeza? Inaweza kuwa ishirini. Inaweza kuwa hapo mita tisa ni gogo tu, na chini yake kuna maji mengine na tope lisilo na mwisho.

Wewe wa kuambiwa habari ya maji ya shimoni? Mimi nilikuwa Tarime mjini siku ile, wewe ndiwe uliyekuwepo. Baba naye aliambiwa shimo la jirani limekauka. Maji yalivunja ukuta, na walipomtoa amefungwa kwenye turubai ni wewe uliyeshika upande wa miguu. Siku ya mazishi ukasimama mbele ya wazee wa ukoo, hakuna aliyekulazimisha, ukasema hutashuka tena. Ukauza ng'ombe wawili, ukanunua mtumbwi kule ziwani upande wa Musoma. Watu wakakucheka kwamba umeacha ng'ombe ukafuata kasia. Mimi nilijivunia wewe mpaka nikawasimulia wazungu wasiojua hata Tarime iko wapi. Sasa nisimulie nini?

Nilipomaliza kumfokea mama, na hakuwa na kosa, akasema taratibu, "Mwanangu, mdogo wako anaogopa lile ziwa. Hajui kuogelea."

Mwita, mbona hukuniambia? Anasema siku mawimbi yalipoinua mtumbwi ulitapika, ukashika ubao kwa mikono miwili, na wenzako wakakuuliza Mkurya wa ng'ombe amefuata nini majini. Ukarudi nyumbani ukasema samaki wamepungua. Na dada yako aliyesoma akaona dawa ya samaki kupungua ni mashine! Nimewauliza muuza duka, mzee mgonjwa na mtandao mzima ni mashine gani inafaa, nikasahau kumwuliza atakayekaa juu ya mtumbwi. Hapo nimekosa, na nakuomba radhi. Lakini usidhani radhi hiyo inapunguza hasira yangu. Mtu anayeogopa ziwa analoliona, anawezaje kushuka kwenye maji asiyoyaona?

Kama hutaki uvuvi, uza mtumbwi. Rudia ng'ombe, lima mihogo, endesha bodaboda mpaka Sirari, sitasema neno, na mashine mpe mvuvi yeyote atakayeihitaji. Kama unautaka, mtafute mtu mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, akufundishe kuogelea, mwache acheke, kicheko hakijamzamisha mtu. Mama anasema mwenye pampu hajamaliza shimo lake la Kerende, kwa hiyo bado una muda wa kurudisha akili. Mashine nimemwambia aifungie kwenye sanduku lake la vitenge. Usimsumbue. Ufunguo anao kifuani na unamjua.

Barua hii anakuja nayo mwenzangu mmoja, binti wa Sirari anayekuja likizo. Ataiacha dukani kwa mjomba pale Tarime, pamoja na mfuko. Usitafute betri ndani, sikuweka hata moja. Kuna jaketi la kuelea, lile la rangi ya machungwa linalovaliwa ziwani. Hilo ndilo nililopaswa kulichagua kwanza. Nililivaa mwenyewe nikaingia kwenye maji ya huku, ambayo nusura yanikaushe damu, likanibeba, nami najua nilivyonenepa. Wewe litakubeba bila taabu.

Mama mwambie goti asilikande kwa maji ya moto sana. Gati mkeo mwambie namshukuru, na kama ataficha viatu vyako siku pampu itakapokuja nitamletea kitenge anachokitaka. Mjomba wa dukani msalimie. Mama mdogo wa Kerende mwambie nasikia naye alikuja kutazama visamaki, nitazungumza naye. Watoto wabusu vichwani.

Ile mashine, Mwita, niliinunua ionyeshe kilichoko chini huku wewe ukiwa juu. Baki juu.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni nikienda kisimani, na sijawahi kukudondosha,

Bhoke