Maua ya Dongodongo kwa Mama Henriette

Shituru, Likasi
Tarehe 9 Februari 2025

Kwa mpendwa wangu Shekina, huko Kitwe,

Jambo sana, mjukuu niliyekuoa kwa utani wa babu tangu ulipokuwa unatambaa. Uko salama? Na Rolly, huyo bwana yako mdogo, kikohozi kimemwacha? Minye, mimi babu yako, ni mzima. Magoti yanalalamika mvua ikinyesha, lakini mdomo, kama unavyojua, haujawahi kuugua.

Ujue kwamba babu yako sasa ni mchoraji mkubwa. Kadi zangu za maua zinagombaniwa sokoni, watu wanapanda gari kutoka Lubumbashi kuzitafuta.

Basi, ni uongo. Nimetengeneza kadi moja, na hiyo moja ilinipiga kwanza kabla haijakubali. Lakini iko.

Nilitumia zile rangi za maji ulizoniletea Noeli. Unakata dongodongo, ile bamia, kama unaikatia mchuzi. Ukitazama ndani, Mungu amekwisha kuchora ua. Unalipaka rangi nzito, unaligonga kwenye karatasi ngumu kama karani anavyogonga muhuri. Majani niliyachonga kwa soli ya kandambili ya baba yako. Asiitafute.

Kosa langu lilikuwa haraka. Nilipitisha maji juu ya maua mabichi, yakakimbia yote, kadi ikafanana na mtu aliyepigwa ngumi ya jicho. Inafaa ungoje yakauke, ndipo upitishe brashi kandokando, polepole, kama unampangusa mtoto aliyelala. Kwa kuharibu hivyo nyekundu iliisha, ikabaki zambarau. Nikapiga maua yote zambarau, nikaitundika kadi kwenye kamba ya nguo.

Baba yako Symphorien akaingia lupangoni, uani kwetu, akaiona rangi ile ya Kwaresima na misa za wafu, akavua kofia. Akaniuliza kwa sauti ya kanisani:

"Papa, nani amekufa?"

"Bado hakuna," nikamjibu. "Ninaoa."

Akakaa chini bila kutafuta kiti. Kisha maneno yakaanza: kwamba sina aibu, kwamba mzee wa umri wangu kazi yake ni kungoja. Kungoja nini, hakusema. Shekina, Martine, nyanya yako, nilimlilia mimi, nilimzika mimi, na matanga tuliyaondoa zamani kwa desturi zote. Sikumsahau. Lakini bukari, ugali wetu, ya kula peke yangu imenichosha, na minye si jeneza linalongoja misumari.

Mama Henriette unamjua, yule mjane anayeuza samaki wa Kapolowe, anacheka mpaka wateja wanasahau kuomba nyongeza. Baba yako alinikataza kumpelekea kadi. Nikavaa koti nililovaa siku ya arusi yake mwenyewe, nikaipeleka mchana mweupe, nikapita katikati ya soko nimeiinua juu, waione hata wale wenye macho mabovu.

Ndani niliandika: "Henriette, maua haya hayanyauki. Anayenyauka ni mimi. Fanya haraka."

Alifuta mikono magamba ya samaki, akaisoma mara mbili, akaificha ndani ya kitenge. Kisha akanikata miguu:

"Papa Barthélemy, minye nakutaka. Lakini siingii nyumba ambayo watoto wamenifungia mlango. Symphorien aje mwenyewe kunisalimia."

Nilikuwa tayari kuoa hata kama baba yako angelala mlangoni. Henriette hataki hivyo, na ni yeye ninayemtaka. Na baba yako, kila nikifungua mdomo, anaongeza sauti ya redio.

Nisalimie Rolly. Ukimwona shangazi yako Laure, mwambie namkumbuka, na kijana wake Dodo aache kunyoa hivyo, anafanana na kuku aliyeloa. Mungu awape afya, na mtoto mwenye kelele.

Sasa sikia. Jina lako la pili ni la Martine, ndiyo sababu baba yako anakuita mama tangu ulipozaliwa. Neno lako hawezi kulifunika kwa redio. Na alipomkataa Rolly, nani alikaa naye mpaka akalainika? Minye. Bado hujanilipa. Basi mpigie simu. Mwambie mama yake amesema aoge, avae shati safi, aende kumsalimia Mama Henriette. Simu moja tu, Shekina, tena ifike wiki hii.

Bwana yako wa zamani, akupendaye na asiyekatazika,

Barthélemy