Mwiba Kwenye Kioo

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Goti linasemaje? Dawa umeze, usizifiche chini ya mto, nakujua. Sisi wazima. Mjukuu wako ameota meno mawili na ananing'ata bila huruma.

Nimekwama. Tangu nirudi kazini kutoka uzazi, nimetengeneza mtambo wa kurushia matangazo peke yangu. Redio inasikika safi. Lakini nikiupima, kwenye kioo cha mashine ya kupimia mawimbi unasimama mwiba, mstari mkali wa wimbi lisilotakiwa, palepale kwenye masafa ya redio za magari ya wagonjwa. Mkuu wa mafundi kautazama, akasema, "Mama, akili umeiacha kwenye nepi." Wakaguzi wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Wakiuona, redio inafungwa na mimi kazi sina. Nimefungua mtambo mara tatu, kosa silioni. Nisaidie.

Mwanao

6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanung'unika kama huyo mkuu wako. Mjukuu mpe kidole cha mkuu huyo ang'ate.

Mtambo uache. Mbona mashine ya kupimia hujaishuku? Funga kwenye waya wake kile kipande cha kupunguza nguvu, cha desibeli kumi. Mwiba wa kweli utashuka kumi, sawa na wimbi lenu. Ukishuka zaidi ya hapo, ujue mashine imezidiwa nguvu na inazua mambo. Halafu nijibu: umeiweka wapi?

Baba yako

14 Machi

Baba,

Shikamoo, na leo naisema kwa sauti!

Nilijaribu siku ileile barua yako ilipofika. Mkuu akasema nimebahatisha. Haya, jana nikarudia mbele ya wakaguzi, mtoto mgongoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Wimbi letu likashuka kumi. Mwiba ukaporomoka thelathini! Mkaguzi mmoja, mama mtu mzima, akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Sasa tuipeleke mashine getini." Kule, mbali na mnara, kioo kikawa safi, hata kipande hatukukihitaji.

Uliniuliza nimeiweka wapi. Stoo, chini kabisa ya mnara. Mtoto hulala huko kwa sababu kumetulia, nami nilitaka kupima huku namtazama. Kumbe nimeiweka mashine pale wimbi letu linapoipigia kelele sikioni, mpaka ikachanganyikiwa.

Mkuu akadakia, "Si nilisema? Kosa lake!"

Nikamwambia, "Mashine nimeiweka stoo mimi, kweli. Na mtambo nimeutengeneza mimi. Andikeni yote mawili."

Yule mama akaandika yote mawili, Baba. Akatia sahihi: mtambo mzima, redio iendelee. Nikamwomba mkuu anishikie mtoto nami nisaini pale palipoandikwa "fundi".

Ndipo tukasikia mkuu anapiga yowe. Kidole, Baba. Meno yote mawili.

Mwanao, fundi