Mabakuli ya Mama Kutoka Siyu

Mjukuu wangu Fatuma,

Babu yako mzima, meno tu ndiyo yamehama. Nyanyako akusalimu. Wauliza ufungeje vyombo vyako kuhamia Unguja visivunjike.

Tulipohama Siyu kuja Amu, mama alihofia mabakuli yake ya kauri, ya kupambia harusi ya dadangu. Nikasema, "Nitayafunga mimi!"

Akacheka. "Wewe? Yai kwako halifiki sokoni."

Akawaita majirani. Kila mwanamke akakumbatia bakuli moja, wakashika ndia ya pwani wakiimba. Kubwa kuliko yote alilibeba Bi Zainabu, aliyenuniana na mama miaka.

Pale mashuani Bi Zainabu akamkabidhi mama lile bakuli. "Likivunjika, nitakuja Amu nikugombeze."

Mama akalia. "Njoo, hata lisipovunjika."

Babu yako