Pumua, Mjomba

Mwamini, mtoto wa dada yangu, wewe uliyetuacha ukarudi Usumbura kwa mume wako,

Salamu kutoka Gisenyi. Mama yako Asha mzima, mbuzi wake wazima, na mimi ndiyo usiseme: nimenenepa mpaka futi ninayopimia wateja hainizunguki kiunoni. Barua hii usiifiche. Isome mbele ya mume wako na majirani wa huko, maana hapa barazani mafundi wenzangu wamekataa kuamini nusu ya habari zake, na hiyo nusu ndiyo ya kweli zaidi.

Unakumbuka nilivyokuwa navuta? Katika mji huu hakuna aliyevuta kama mimi, mweusi wala Mzungu. Nikikohoa asubuhi, mbwa wa Goma wanaitikia. Kuna siku watu wa mtumbwi walishuka wakaja moja kwa moja kwenye cherehani yangu, wakaniuliza kama ule moshi waliouona tangu Nyamyumba ni wa mlima wa moto au ni wangu. Niliwaambia leo mlima umepumzika. Na wewe ulikuwa fundi wangu wa moto. Ulikuwa mdogo, unakaa chini ya meza ya kukatia, unaokota vipande vya kitambaa kumvalisha mwanasesere wako wa maganda ya mgomba. Nikisema "Moto," unafungua pasi ya makaa, unachukua kaa kwa koleo, unaniletea huku umefumba jicho moja kwa sababu ya moshi. Miaka yote ile sikununua kiberiti. Mtu mwenye pasi na mpwa mwenye akili, kiberiti cha nini?

Basi ukaolewa, ukaenda mbali, kisha ukarudi kwa mama yako na tumbo, kama ilivyo kwetu, mtoto wa kwanza azaliwe kwa bibi yake. Nilikuja mbio kukusalimia, sigara moja mdomoni, nyingine nyuma ya sikio. Nikatangaza mbele ya wanawake wote waliokaa mkekani kwamba baba yako, Mungu amrehemu, hayupo, mume wako yuko Usumbura, donc adhana ya sikio la mtoto ni yangu, na kwa sauti niliyo nayo mtoto ataota meno siku hiyo hiyo. Ukavuta kanga ukaziba pua. Ukasema taratibu, "Adhana ni yako, mjomba. Nani mwingine? Lakini si kwa mdomo huo. Neno la kwanza la mwanangu halitakuja na moshi."

Nikacheka. Nikasema kuacha sigara kwangu ni kama kuvua kofia.

"Bon, vua," ukasema. "Kofia ikigoma, Mzee Ramazani yupo."

Mwamini, hapo ulinipiga pabaya. Ramazani muuza nyama, mjomba wa mume wako! Havuti, nakubali. Lakini sauti yake ni kisu kinachonolewa, na siku ya maziko ya baba yako, aliyekubeba wewe mgongoni hadi usingizi ukakuchukua hakuwa yeye. Sigara ya mdomoni niliitupa pale pale uani. Ile ya sikioni niliisahau, ikaanguka, kuku akaimeza, na mama yako mpaka leo anasema mayai ya kuku yule hayahitaji kutiwa chumvi.

Tangu hapo ukajifanya polisi. Nikija asubuhi, hata shikamoo hujatoa, unasema, "Pumua, mjomba." Napumua. Unanusa. Na wale wanawake wa mkekani wanangoja hukumu.

Ulichokuwa hukioni ni mchana wangu. Mdomo uliozoea kazi ukikosa kazi unatafuta ugomvi. Niliupa chaki ya kuchorea vitambaa, midomo ikawa myeupe, wateja wakaanza kunipa pole ya ugonjwa. Niliupa miwa, maganda yakajaa barazani hata ng'ombe wa Bugeshi wakashuka wenyewe bila mchungaji. Kuna karani nilimshonea suruali mguu mmoja mrefu, alipolalamika nikamwambia kasoro iko kwenye mguu. Na Juma, fundi wa cherehani ya pili, anawasha yake, anaupuliza moshi upande wangu taratibu, anasema, "Fundi, iko baridi leo. Kamoja tu, nani atajua?" Nilimwambia atajua mwanamke mmoja mwenye tumbo, na pua yake inafika mpaka hapa.

Wavuvi wa Nyamyumba ndio walionishauri maji ya moto. Walisema tumbaku inakaa ndani ya nyama ya mwili, dawa ni kuichemsha. "Kaa mu maji, muzee, itatoka yote." Nikakaa kwenye chemchemi pale ufukweni hadi vidole vikakunjamana kama vya kitoto kichanga. Maji yakageuka rangi ya chai ya mkandaa, wavuvi mashahidi. Samaki waliopita karibu waliondoka wakikohoa, watu wakawaokota kwa mikono.

Halafu Bugeshi. Nilipanda kupima watu makoti, na unajua baridi ya kule chini ya milima. Bibi mwenye nyumba akawasha kiko chake, akavuta, akafuta mdomo wa kiko kwa kiganja, akanipa. Huko ndivyo mgeni anavyopokewa, kiko kwanza, maneno baadaye. Kukikataa ni kumwambia nyumba yake chafu. Kukivuta, kuna pua yako. Nikapata akili ambayo sijui kama msomi yeyote angeipata: badala ya kuvuta ndani, nipulize nje, bibi aone moshi afurahi. Nikapuliza kama ninavyopuliza pasi. Mwamini, kiko kizima kiliruka hewani. Makaa mengine juu ya nguo ya bibi, mengine juu ya paka, na paka yule wanasema alionekana akiingia Uganda. Bibi akajimwagia kibuyu cha pombe ya mtama kuzima moto, akanitazama, akaniuliza kwa Kinyarwanda kama siku hizi huko mjini tunavuta kwa nje. Ikabidi nimweleze habari ya mtoto na adhana. Alicheka mpaka akakaa chini. Akakiweka kiko chake mbali, akanichomea viazi, akasema huyo mtoto azaliwe upesi kabla sijaunguza nchi. Nguo nilimshonea mpya, tena yenye mfuko wa kiko.

Yote hayo niliyashinda. Kilichotaka kunimaliza ni pasi yangu mwenyewe. Ukiifungua kupuliza makaa, kamoshi kanapanda puani, na pua ya mtu aliyeacha sigara haichagui. Nikaanza kupenda kupiga pasi. Suruali iliyonyooka naipiga tena, nikimaliza naanza upya. Mikunjo ikawa mikali hata karani yule wa mguu alijikata akitafuta leso mfukoni. Asubuhi moja nimekuja, umesema pumua, nimepumua, uso wako ukabadilika.

"Umevuta."

Nikaapa kwamba ni makaa.

"Mjomba, mi nilikulia chini ya meza yako. Moshi wako naujua wote." Ukageukia ukutani. Nikamsikia mama yako akimtuma mtu kwa Ramazani, ajiandae.

Nikarudi barazani, nikaichukua pasi na makaa yake, nikaipitisha mjini hivyo hivyo ikifuka hadi mbele ya mkeka wenu. Nikapiga magoti, nikaifungua, nikapuliza mpaka majivu yakanijaa kwenye ndevu. Nikasema, "Sasa ninuse tena." Ulinitazama. Halafu ukaanza kucheka, ukacheka, ukashika tumbo, na kicheko kikageuka kitu kingine. Uchungu ulianza pale pale, na mkunga akidai ni kazi yake, muulize nani aliyeianza.

Nilifukuzwa uani na pasi yangu mkononi. Ramazani akafika, kanzu imenyooka, kwa kuwa niliipiga mimi. Akasema ameambiwa ajiandae. Nikamwambia ajiandae kuitikia. Tukakaa hapo nje hadi adhuhuri, tulipomsikia mtoto. Mama yako akatoka na kile kifurushi, akasimama katikati yetu, na kwa ndani tukasikia sauti yako imechoka: "Apumue kwanza."

Nikapumua. Mama yako akasogeza pua, akangoja. "Makaa matupu," akasema, akaniwekea mtoto mikononi.

Sasa hili barazani sijawaambia. Nilipofungua mdomo kuadhini, ile ngurumo yangu haikuwepo. Ilitoka sauti nyembamba, safi, ile niliyokuwa nayo utotoni, chuoni nikisoma Kurani, kabla ya sigara ya kwanza. Nilishtuka nikanyamaza katikati, Ramazani akadhani nimesahau akataka kunikumbusha, nikamnyooshea kidole. Nikamaliza. Machozi yalikuwa ya majivu. Na mwanao akafumba jicho moja, akanitazama kwa lingine, kama wewe ulivyokuwa ukiniletea kaa. Sikio la kushoto nilimwachia Ramazani asomee ikama, mimi si mchoyo.

Sasa lori limewachukua, mkeka umekunjwa. Kiu bado ipo. Inakuja baada ya wali, inakuja mvua ikinyesha, inakuja dereva akiegemea meza yangu akiwasha. Nakumbuka ulivyosema ukiwa juu ya lori, kwamba mkirudi mtoto ataninusa mwenyewe. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kufungua kazi, napita kwa mama yako, nasimama mlangoni, napumua. Juzi akaniuliza nampumulia nani, watu hawapo. Nikamwambia Usumbura. Akaacha ufagio, akasogea, akanusa kama ulivyokuwa unanusa wewe.

"Pita unywe chai," akasema.

Mbusu mtoto sikio la kulia, ndilo langu.

Ni mimi mjomba wako, mwenye mdomo wa adhana.