Jumatano Yetu Imerudi

Hafod Lwyd,
Cwm Melyn,
Wales.

Jumapili, 17 Juni 1956

Mpendwa Kaka Hefin,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Patagonia, wewe pamoja na Mjomba Aled na mkewe Rosario. Kifua chako kimepona? Uliandika mwezi Machi kwamba kikohozi kinakuamsha, na Mama hajaacha kukitaja tangu hapo. Kama bado kipo, usijifanye shujaa, nenda kwa daktari. Najua ninyi ndio mnaingia baridi sasa wakati sisi tunaingia joto, na sijawahi kuzoea kuwaza jambo hilo.

Sisi hatujambo. Goti la Mama linamsumbua kwenye ngazi, ila ulimi wake hauna maumivu yoyote. Mbwa wetu Mot amezeeka, jicho moja limeingia ukungu, lakini bado anawajua kondoo wetu mmoja mmoja. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Kaburi la Baba nimeling'olea magugu, na jiwe limesimama sawa.

Sasa nikupe habari iliyonifanya nishike kalamu kabla hata sijavua nguo za kanisani. Jumatano yetu imerudi.

Wewe unayakumbuka yote, lakini niache niyaandike tangu mwanzo. Nimeyabana kifuani miaka miwili na nataka yatoke kwa mpangilio. Unajua kwamba nyumba zetu tano zinazolisha mlima mmoja zina wiki moja ya kukata manyoya, kila nyumba na siku yake, na wote tunakwenda kwa kila mmoja. Jumatano ilikuwa ya Hafod Lwyd tangu enzi za babu. Na unajua sheria: atakayenyeshewa siku yake anarudi nyuma ya wote, kwa kuwa manyoya yaliyoloa yanaoza guniani. Ila tangu zamani watu walikuwa wanangojana. Kukinyesha asubuhi, walikunywa chai, wakasubiri jua.

Mwaka juzi, Baba akiwa hajamaliza hata miezi miwili kaburini, manyunyu yalianguka Jumatano yetu hadi saa nne. Gwilym wa Ty Draw, mmoja wa hizo nyumba tano, ndiye aliyekuwa amepokea usimamizi wa zamu kutoka kwa Baba. Alisimama uani kwetu na kofia kichwani akasema sheria haijui msiba. Kisha akawachukua watu wote kwenda kwake, kwa sababu kondoo wake walikuwa wamelala bandani, wakavu. Saa tano jua likawaka. Mama alikuwa amepika chakula cha watu ishirini: nyama ya ng'ombe ya kuchemsha, viazi vipya, na wali wa maziwa wa kuoka wenye ganda la kahawia. Ulimwona mwenyewe akivimwaga vyote kwa nguruwe, sufuria baada ya sufuria. Tangu siku ile hajapika tena wali wa maziwa katika nyumba hii.

Na vuli ile kwenye mkutano, Gwilym alisema siku ni ya yule aliyekata manyoya siku hiyo. Tukapewa Ijumaa, ya mwisho, watu wakiwa wamechoka na mikasi imekuwa butu. Wewe ukauza mbwa wako wawili, ukapanda meli, ukaapa hukanyagi bonde hili maadamu Gwilym anaishika Jumatano yetu. Sikukulaumu. Lakini mimi nilibaki, Kaka, na aliyebaki ilibidi afanye kitu.

Lile banda ambalo Baba aliliacha kuta tupu, nimeliezeka. Sikukuandikia kwa sababu sikutaka neno litoke. Watu walidhani ni kwa ajili ya majani makavu. Kila bati nililopigilia misumari nilikuwa namfikiria mtu mmoja.

Mungu naye akanisaidia mwezi Februari. Upepo uling'oa paa la banda la Ty Draw likaanguka mtoni. Gwilym akasema ataliezeka baada ya manyoya, hakuna haraka, majira ya joto yanakuja.

Basi wiki iliyopita ilianza kwa jua ambalo hujaliona kwetu tangu tukiwa wadogo. Jumapili iliyopita mchungaji alifungua milango yote miwili ya kanisa, na bado watu walisinzia. Jumatatu tulikuwa Bryn Glas kwa Mzee Emrys, wanaume wakafanya kazi wakiwa na vesti tu, shingo zikaungua. Hata wewe ungelalamika. Redio ikasema hali itakuwa hivyo hivyo hadi Ijumaa.

Jumanne niliposhuka jikoni alfajiri, mawe ya sakafu yalikuwa yanatoka jasho. Lile paja la nguruwe lililotundikwa karibu na jiko lilikuwa linadondosha maji ya chumvi. Nje jua kali, hakuna wingu. Niliingia uani nikanyoosha uso: upepo ulikuwa umehama, unatoka upande wa bahari, ule wa mvua. Niliandika kwenye shajara yangu neno moja tu, kesho, nikaenda kazini Pant Glas, nyumba ya Jumanne, kama wenzangu.

Baada ya chakula cha mchana niliomba ruhusa nikawashushe kondoo wangu. Watu walitazamana. Gwilym alikuwa ameegemea gurudumu la mkokoteni, anajipangusa shingo.

"Binti," akasema, kwa sauti ya kuwafikia wote, "huko sekondari walikufundisha mashairi tu? Ijumaa inakuja baada ya Alhamisi."

Wakacheka sana. Mmoja wa vijana wa Nant Uchaf, nyumba ya Alhamisi, akaniuliza kama nimechoka kuishi na Mama tu, nataka kulala na kondoo. Nikacheka nao. Nikamwambia kondoo hawakoromi kama kaka zake.

Mimi, Mot na Mama mlangoni tulifanya kazi hiyo hadi jua lilipozama, na unajua mwezi huu linavyochelewa kuzama. Kondoo wote wakaingia chini ya mabati. Kule ng'ambo niliwaona kondoo wa Gwilym wakiwa wamefungiwa kwenye zizi la mawe, juu yao mbingu tupu, tayari kwa kesho yake.

Mvua ilianza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Haikuwa kubwa. Ilikuwa ile ya kupita, inanyesha kidogo, jua linachungulia, halafu inarudi tena kama mtu aliyesahau kofia. Nilikaa kitandani nikaisikiliza kwenye mabati, na sitakuficha, nilitabasamu peke yangu gizani nyuma ya pazia kama mwizi.

Tulipofika Ty Draw watu wote walikuwa uani, mikasi mikononi. Kondoo walikuwa wanachuruzika maji. Dilys, mke wa Gwilym, alikuwa amekwisha kutandika meza, niliona vitambaa vyeupe dirishani. Gwilym alitazama juu, akaniangalia, akatazama juu tena. Akasema ni wingu la kupita tu, tunywe chai, kufika saa sita manyoya yatakuwa yamekauka.

Nilikuwa nimeipanga sentensi yangu kwa miaka miwili na nilidhani itanitetemesha. Haikunitetemesha.

"Bwana Gwilym," nikasema, "sheria haijui msiba. Nadhani haijui chai pia. Mimi nina kondoo wakavu."

Hakuna aliyecheka. Kuku mmoja alipita katikati yetu na wote tukamtazama kama jambo kubwa. Gwilym akaanza kusema kwamba majirani hawatendeani hivyo. Hapo Mzee Emrys akakunja mkasi wake ndani ya gunia, akauweka kwapani.

"Wanatendeana," akasema. "Nilikuwepo."

Akaanza kutembea kuja kwetu, na wengine wakamfuata, mmoja mmoja, bila kumtazama Gwilym usoni. Wale vijana wa Nant Uchaf ndio waliokuwa wa mwisho. Nilipogeuka nilimwona Dilys mlangoni, mikono ameizungusha ndani ya aproni yake. Sikusimama. Wakati ule hata yeye nilimwona ni sehemu ya Gwilym.

Niliwatangulia watu nikakimbia hadi nyumbani, kwa sababu nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa jambo moja. Jikoni meza ilikuwa imetandikwa, sahani zote zimepangwa, na hakuna chakula. Jiko lilikuwa linawaka, na ndani ya oveni kulikuwa na sahani moja tu imefunikwa, na bakuli moja dogo.

Nikamwambia Mama watu wanakuja, watakula nini?

"Chakula kipo," akasema. Alikuwa anapanga vijiko. "Kiko kwa Dilys. Nenda na mkokoteni ukamlete yeye na masufuria yake. Hakuna mwanamke mwingine atakayemwagia nguruwe chakula chake katika bonde hili."

Nikamuuliza alijuaje kama nitafanikiwa. Akaniambia na yeye ana macho, naye sakafu ile ameisugua tangu kabla sijazaliwa.

Kaka, kurudi Ty Draw ndiyo kazi ngumu pekee niliyoifanya siku ile. Dilys alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya nyama yake. Akaniuliza kama nimekuja kucheka. Nikamwambia nimetumwa na Mama, anamwita, aje na kila kitu. Alifunika nyama yake, kisha akasema jambo ambalo nataka ulijue.

"Mwaka juzi nilimwambia asubiri jua. Akaniambia nikaangalie mkate wangu."

Akasimama, akachukua sufuria kubwa kuliko zote. Tukasukuma mkokoteni pamoja mvuani. Nimemwondoa katika hesabu yangu, nawe mwondoe katika yako.

Kazi ilikwenda vizuri bandani. Mvua juu ya mabati ilikuwa na kelele hata watu wakawa wanazungumza kwa kupiga ukelele, na kila mmoja alilisifu paa. Gwilym alikuja akiwa amechelewa. Hakuweza kutokuja: nyumba isiyotoa mikono kwa wenzake haipewi mikono. Nilimpa kazi ya kukunja manyoya, ambayo hupewa wasichana. Aliifanya.

Saa ya chakula Mama alimwelekeza kwenye kiti cha kichwani mwa meza. Dilys alikaa karibu na Mama, na chakula chake kikazungushwa, watu wakajipakulia. Sufuria ilipomfikia Gwilym, Mama akaipitisha juu ya mkono wake, akampa Mzee Emrys. Halafu akaenda kwenye oveni. Goti halikumsumbua hata kidogo. Akaweka mbele ya Gwilym sahani ile na bakuli lile, akafunua: nyama ya kuchemsha, viazi vipya, na wali wa maziwa wenye ganda la kahawia.

"Hiki ni chako, Gwilym," akasema. "Kimekungoja tangu mwaka juzi."

Alisema kwa upole, kama mtu anayempa mgeni taulo. Kila aliyekuwa mezani alijua. Uma zikatua. Gwilym aliuangalia wali ule, akaangalia mlango, na Mama alikuwa amesimama kati yake na mlango, akiwa na kitambaa mkononi. Basi akala. Alikula nyama, akala viazi, akala wali hadi chini ya bakuli, na Mama alisimama pale hadi kijiko kilipogonga udongo wa bakuli. Ndipo akasema karibuni wote, kuleni kabla hakijapoa.

Mimi nilidhani kisasi ni changu. Nilikuwa mtoto tu mbele yake.

Baada ya kula Mzee Emrys alifuta mdomo, akamkumbusha Gwilym maneno yake mwenyewe ya vuli ile: siku ni ya yule aliyekata manyoya siku hiyo. Kwa hiyo Jumatano ni ya Hafod Lwyd. Akawauliza wengine kama kuna mwenye la kusema. Hapakuwa na mwenye la kusema, na Gwilym mdomo wake ulikuwa bado una maziwa.

Alhamisi Nant Uchaf walimaliza kondoo wao, waliokuwa bandani. Ijumaa tuliyomwachia Gwilym, ilinyesha kutwa. Jana ikanyesha, ikaacha, ikanyesha. Leo ni siku ya Bwana. Kanisani alikaa kwenye benchi lake na hakuimba. Ninapoandika nawaona kondoo wake kutoka dirishani, wamejazana kwenye ukuta, wazito, wameloa, na mvua nyingine inashuka mlimani kuwaelekea. Kama wiki ijayo itakauka, nitakwenda kumkatia pamoja na wenzangu, tena nitafika mapema. Lakini leo wacha inyeshe.

Kiapo chako sasa hakina mguu wa kusimamia, Kaka. Sikusukumi. Nakwambia tu kwamba banda lina paa, kondoo wamekatwa manyoya, na Mot bado ana jicho moja la kukutambua.

Msalimie sana Mjomba Aled, na Rosario, na wale mapacha wao ambao hatujawaona. Mzee Emrys anakusalimu, naye Dilys pia. Aliniomba mwenyewe leo nje ya kanisa niandike jina lake. Bwana akulinde kwenye baridi hiyo, akakipe kifua chako pumzi, na akuonyeshe njia ya kurudi.

Mama ameisoma barua hii begani kwangu na anataka niongeze: sahani ile ameshaiosha na kuirudisha kabatini. Inayofuata ni yako, na asingependa ingoje miaka miwili.

Mdogo wako akupendaye, na asiyesahau,

Eluned