Tambi za Kidole Gumba cha Mama

Nyumbani, ghorofa ya pili
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Pokea salamu nyingi za dada yako. U hali gani, na wifi yangu je, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku ni wazima, hata goti langu limeacha kelele.

Barua yako nimeisoma. Unasema Mama hashiki hata kikombe tangu mkono wake wa kulia upooze, kwa hiyo umemtengea chumba kwako, aje mwisho wa mwezi. Ahsante kwa moyo huo. Ila ngoja kwanza nikupe habari za jikoni.

Daktari wa mazoezi alimpa mpira wa kuminya. Mama akautupa chini ya kitanda, akasema yeye si mtoto. Nilikasirika, sikufichi. Basi jirani yetu, mpishi mstaafu wa hoteli, akaja kumwomba amsaidie kutengeneza tambi. Mama na kazi unawajua, hakukataa.

Mashine hatuna. Ni unga wa ngano, maji ya vuguvugu na chumvi. Unakanda mpaka donge liwe laini kama ndewe ya sikio, unalifunika lipumzike, unalisokota kama kamba na kukata vipande vidogo. Kila kipande unakibonyeza mezani kwa kidole gumba huku ukikivuta, kinajikunja chenyewe. Ukitaka mistari, mgongo wa uma unatosha.

Siku ya kwanza Mama alitumia mkono wa kushoto. Mpishi akamtania, "Mama, huo wa kulia umekuja kutazama tu?" Akanuna, akauleta mezani. Tambi zake zilitoka bapa, tukazila hivyo hivyo. Bandu bandu huisha gogo: siku hizi zinajikunja, na zangu anazitia kasoro.

Mimi nilijifanya mjuzi, nikarundika zangu mbichi bila kuzinyunyizia unga, zikashikana bonge moja. Mama alicheka mpaka machozi. Moyo wangu ulitulia siku ile.

Kwa hiyo haondoki. Niite mbishi ukipenda. Nilipomuuliza nikuandikie nini kwa niaba yake, alisema nimwachie nafasi hapo chini.

Mjomba na shangazi wanakusalimu. Msalimie wifi. Mungu akutangulie kila uendako.

Wako akupendaye,
Dada

Mwanangu, huu ni mwandiko wangu, mkono wa kulia. Kwako nitakuja kutembea, siji kuuguzwa. Unga uwepo.
Mama