Mfumo wa Baba Mmoja

Korogwe,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Baba mdogo, shikamoo.

Natumaini kifua kimetulia, na kwamba unakunywa dawa zote, si zile tamu tu. Mama mdogo anaendeleaje na goti? Mimi ni mzima kabisa, hata nimenenepa kidogo kwa machungwa ya Handeni, maana huku ukisimama kuongea na mtu hakuachi uondoke mikono mitupu. Joto tu ndilo linalonisumbua. Kila nikikupigia simu Urambo mtandao unakatika kabla sijasema la maana, kwa hiyo leo naandika, na hakuna wa kunikatiza.

Uliniuliza kazi yenyewe ni ipi, maana nasikia umewatangazia watu kwamba natengeneza kompyuta. Sitengenezi, Baba. Hii kampuni ya mkonge imenunua programu ya kuendeshea shughuli zake zote: nani kaja kazini, nani yuko likizo, lori lipi limetoka, marobota mangapi ya singa, zile nyuzi za mkonge, yako ghalani. Zamani vyote vilikaa kwenye madaftari ya makarani. Mimi naviingiza kwenye kompyuta, naweka kanuni, nawafundisha watu. Wenyewe wanauita "mfumo".

Wiki ya kwanza tulicheka mno. Kila mfanyakazi anatakiwa aweke kidole kwenye kimashine asubuhi kimtambue. Wakata mkonge wa Mnyuzi wakaweka vidole, kimashine kimya. Mkonge umekula alama zote za vidole. Mama mmoja akaniambia, "Mwanangu, usihangaike, hata mimi mwenyewe siku hizi najijua kwa sauti." Tukajaribu kidole kimoja kimoja mpaka tukagundua kile cha mwisho, kwa uvivu wake, ndicho kilichobaki na alama. Sasa shamba zima linaingia kazini kwa kidole cha mwisho.

Nikavimba kichwa. Hapo ndipo nilipokosea.

Kanuni ya kampuni inampa mtu siku za msiba akifiwa na mzazi. Nikaweka nafasi ya baba mmoja na mama mmoja, na mtu akishazika, nafasi inajifunga. Nilijiona hodari, nimewakomesha wale wanaofiwa na baba yule yule kila mwaka. Mama Lyimo, afisa utumishi wetu, akanisifu mbele ya watu.

Juzi Jumanne akaingia ofisini Mzee Mhando. Huyu ndiye fundi wa korona, mashine inayosaga mkonge, mtu wa Sindeni kule Handeni, mpole, hajawahi kuchelewa kazini. Amepigiwa simu, baba yake mkubwa amefariki, wanazika alasiri. Nikaingiza ombi. Kompyuta ikaandika kwa wekundu: limekataliwa, baba ameshafariki.

"Mzee Mhando," Mama Lyimo akasema, "baba yako si tulimzika mwaka jana? Msibani nilifika mwenyewe."

"Ulifika, mama, na tulishukuru. Yule alikuwa mdogo, huyu ndiye mkubwa wake. Nizike mmoja nimtupe mwenzie?"

"Kanuni inasema mzazi."

"Nami nimesema mzazi." Akanigeukia. "Binti, huyu mtu wenu wa kwenye kompyuta hana ukoo? Kaokotwa?"

Akavaa kofia yake akaenda kupanda basi. Baba, mtu asipoonekana siku tatu bila ruhusa, mfumo unafunga jina lake wenyewe na taarifa inakwenda makao makuu Dar es Salaam. Na siku tatu ndiyo matanga. Mzee wa watu angerudi kutoka kuzika akute hana kazi, na mkono uliomfukuza ni wangu.

Nikawapigia vijana wa Dar waliotuuzia programu. Wakaniambia niandike yuko hospitali, yaishe. Nilikaribia kuandika. Lakini nikaona nitamfanya mwongo mtu aliyesema kweli, tena kwa ajili ya kosa langu. Nikaenda kwa Mama Lyimo nikamwuliza, "Mimi nikifiwa na baba yangu mdogo, utanipa ruhusa?"

"Nani kakulea?"

"Yeye. Ndiye aliyenipeleka bweni kwa baiskeli kila muhula, na sanduku langu mbele kwenye usukani."

Akanitazama. "Basi mwanangu, umejinyima mwenyewe."

Niliona aibu, Baba, siwezi kukuficha. Tukampigia mkurugenzi pamoja. Akauliza, "Kwani huko Handeni watu wana baba wangapi?" Mama Lyimo akamjibu, "Wanaotosha." Tukakubaliana siku za msiba zihesabiwe kwa mwaka, si kwa baba, na kila mtu aandikishe wazazi wake wote kama ukoo unavyowajua.

Ijumaa asubuhi Mzee Mhando alirudi, kidole cha mwisho kikamtambua. Nyuma yake foleni imefika kwenye geti, watu wanaleta wazazi wao. Mkataji mmoja wa Kwashemshi ana mama watano, na kila jina alitaka niandike na neno "mzima, alhamdulillahi". Nilimwomba Mzee Mhando radhi. Akasema, "Yamekwisha. Ukoo si jambo la kujifunza siku moja, hata kwa mashine."

Nisalimie Mama mdogo, mwambie ule mseto wake wa choroko huku hawaujui na nimeukosa. Bibi mzaa baba mwamkie kwa sauti, sikio la kulia. Mdogo wangu Kulwa asome, aache kujifanya fundi wa simu za watu.

Limebaki moja. Walipoondoka wote niliufungua ukurasa wangu mwenyewe. Kwenye nafasi ya baba palikuwa na jina la kaka yako, na mbele yake "marehemu", nilivyoliandika nilipofika, bila hata kusita. Nikaongeza mstari, nikaandika jina lako. Mfumo ukauliza: hai au marehemu? Nikabonyeza "hai", nikakaa nalitazama hilo neno, nacheka peke yangu ofisini kama mwehu.

Mwanao,
Zainabu